Sarafu ya Kisu

Tangu asubuhi Solène hakuwa ameketi hata mara moja. Alipanga sahani, akazipangua, akazipanga tena vilevile. Alifungua dirisha lililotazama ngazi za mtaa, baridi ya mto ikampiga usoni, akalifunga. Kabla hajafika mezani akarudi kulifungua. Mama yake, Josette, aliyekuwa akigeuza kabichi na nyama ya nguruwe kwenye sufuria kubwa, alimtazama kwa jicho la pembeni mpaka akashindwa kuvumilia.

"Wewe mtoto, una nini leo? Hilo dirisha limekukosea nini?"

"Joto la jiko, mama."

"Joto? Novemba hii, hapa Thiers?" Josette akacheka. "Kwani anayekuja ni mwanafunzi wako au mkaguzi wa shule?"

"Mwanafunzi."

"Mwanafunzi tu?"

"Mama!"

"Haya, sijasema kitu. Narudia maneno yako mwenyewe."

Solène akajitia kukata mkate. Mwanamke mzima, mwalimu anayenyamazisha ukumbi mzima kwa kuinua nyusi, leo anamdanganya mama yake kama msichana aliyechelewa kurudi nyumbani. Uongo huo ulikuwa na umri wa mwaka. Mbele za watu, Tornike, yule Mgeorgia aliyeng'arisha visu katika karakana moja kule bondeni, alikuwa mwanafunzi wa darasa lake la jioni la Kifaransa. Nyuma ya watu alikuwa ndiye anayemwaza anapoamka na anapolala. Na Alhamisi iliyopita, walipobaki wawili ukumbini wakipandisha viti juu ya meza, Tornike alisema amechoka.

"Nimepata kazi Solingen," alimwambia. "Ujerumani. Karakana ya visu, na meza yangu mwenyewe. Wanataka jibu Jumatatu."

"Utawajibu nini?"

"Nitajibu nini, Solène? Mwaka mzima napita mbele ya mlango wa baba yako nimeinamisha kichwa kama mwizi. Nitambulishe. Akinikataa, anikatae usoni, nijue moja. Lakini kufichwa, basi."

"Humjui baba yangu."

"Ndiyo shida yenyewe. Simjui."

Alivaa koti akaondoka bila kumbusu. Solène hakupata usingizi usiku ule wala uliofuata, na Ijumaa akamwambia baba yake kwamba Jumapili mwanafunzi mmoja angekuja kula nao, maskini hana ndugu mjini. Alishindwa kusema zaidi ya hapo.

Sasa alisimama dirishani akizitazama ngazi, na moyo ukamrudisha palipoanzia mambo. Mapenzi yao yalianzia ubaoni. Jioni ile alikuwa akiwafundisha vile vijineno vya Kifaransa vinavyotangulia kila jina, *le* kwa jina la kiume na *la* kwa jina la kike, na Tornike akainua mkono, uso umemkunjamana kweli.

"Mwalimu, kwetu mtu anasema 'mkate' na mambo yameisha. Nyinyi mpaka mwulize kwanza kama mkate ni mwanamume au mwanamke?"

"Mkate ni mwanamume. *Le pain.*"

"Na meza?"

"Mwanamke. *La table.*"

"Sasa nani alikwenda kuichungulia?"

Darasa zima liliangua kicheko, na Solène naye, ingawa alijaribu kujizuia. Sisi tunaosema "sokoni" na kwenda zetu tunaweza kumwonea huruma kijana wa watu, maana yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Solène aliandika *à*, yaani 'kwenye', akaandika *le* pembeni yake, kisha akavifuta vyote viwili.

"Hawa hawaruhusiwi kusimama hivi. Wakikutana tu, wanaungana kuwa neno moja, *au*. Naenda *au marché*, sokoni. *De*, yaani 'ya', akikutana na *le*, wanakuwa *du*. Na wakiwa wengi, *les* naye anamezwa vilevile, mnapata *aux* na *des*."

"Na *la*?"

"*La* hamezwi. *À la*, *de la*. Anasimama kwa miguu yake."

Tornike akafikiri kidogo. "Yaani mwanamume akiguswa tu, kwisha. Mwanamke akiwa peke yake, hakuna wa kummeza."

"Ndiyo kanuni."

"Nimeipenda lugha hii," alisema, na hakuwa akitazama ubao. Solène alishika chaki mpaka ikavunjika vidoleni mwake, na tangu jioni ile hakuwahi tena kufundisha somo hilo bila mashavu kumwaka.

"Huyo anapanda," Josette alisema nyuma yake. "Loo, kumbe mwanafunzi mwenyewe ana mabega!"

* * *

Anselme, baba yake Solène, alitoka chumbani akichechemea, amevaa suruali ya Jumapili. Maisha yake yote alikuwa mnoa visu, kama baba yake na babu yake, wale waliofanya kazi wamelalia tumbo juu ya jiwe la kunolea, mbwa amewalalia miguuni kuwapa joto. Jiwe halikumlaza Anselme kifudifudi, ila lilimharibu nyonga na kumwachia mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Alimpa Tornike mmoja wa mikono hiyo, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, baba. Tornike."

"Karibu. Kaa pale kwenye mwanga nikuone."

Katika nyumba ile mwanamume hakula kwa kisu cha mezani. Anselme alitoa mfukoni kisu chake cha kukunja, chenye mpini wa pembe nyeusi, akakifungua, na hapo ndipo watu walipoanza kula. Akikifunga, chakula kimekwisha, hata kama sahani yako ina vipande. Solène na dada yake walikua wakijua kuukimbiza mkono kabla mlio ule haujasikika. Tornike naye alitoa kisu chake. Anselme aliona, nyusi zake zilizokunjamana zikalegea kidogo, na Solène akapata kupumua.

Kupumua kwenyewe hakukudumu. Tornike aliingiza tena mkono kwenye koti, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakisogeza kwa mikono miwili mpaka mbele ya mzee.

"Bwana Chassaing, nimekuletea hiki. Nimekitengeneza mwenyewe, jioni, baada ya kazi."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na kisu cha kukunja, mpini wa mti wa jozi. Kijiko cha Josette kikasimama hewani. Mji ule wote ulikuwa mji wa visu, na hata mtoto wa chekechea alijua kwamba ukipewa kisu unatoa sarafu, yoyote ile, papo hapo. Hapo kisu kinakuwa kimenunuliwa, hakiwezi kukata kilichopo kati yenu. Asiyetoa sarafu ameukata undugu mwenyewe.

Anselme alikifungua. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akakifunga karibu na sikio kuusikiliza mlio, akakifungua tena na kukifunga. Kisha akakiweka kando ya mkate. Mkono wake haukwenda mfukoni.

"Desturi ya hapa unaijua?" aliuliza.

"Naijua."

"Na bado umekileta."

"Ndiyo maana nimekileta."

Solène alihisi maji yamemfika shingoni. Alikumbuka harusi ya dada yake, Maude. Anselme alimpa mkwe wake kisu alichokinoa kwa mkono wake, na yule bwana akacheka, akambusu mashavuni, akasema hayo ni mambo ya kizee, sarafu hakutoa. Mwaka haukuisha wakahamia Chile kwa ajili ya kazi, na tangu hapo hawajarudi, hata Krismasi. Kila mtu alisema ni kazi iliyowapeleka. Anselme alisema ni sarafu.

"Kula, kijana, kabichi inapoa," Josette akaingilia. "Kwenu mnakula nini Jumapili?"

"Mkate wenye jibini ndani, bibi. Na divai. Divai sisi ndio tuliianza."

"Kila mgeni anayekaa hapo anatuambia yeye ndiye aliyeianza," Anselme akasema. "Juzi alikuwa Mtaliano."

"Mtaliano alijifunza kwetu."

Josette akacheka mpaka akashika kifua. Mdomo wa Anselme ulitikisika pembeni, akauficha kwa glasi. Solène aliinuka kuleta chumvi ambayo ilikuwa tayari mezani, akarudi, akainuka tena kuleta maji. Kila alipopita nyuma ya kiti cha Tornike alitamani amguse bega tu, na kila mara mkono aliurudisha. Tornike alimtazama mara moja, haraka, na katika mtazamo ule mlikuwa na maneno ya mwaka mzima.

Jibini likaletwa. Anselme akaonja, akasema la mwaka jana lilikuwa bora, kama alivyosema kila mwaka. Tornike akaona hapo pana nafasi ya kuongea na mzee.

"Mimi jirani yangu ni mchungaji wa kondoo, ananigawia lake. Zuri sana. *Le fromage de le berger*..."

"*Du*," Solène akasema.

Hakukusudia. Neno lilimtoka lenyewe, polepole, sauti imeshuka, na vidole vyake vikawa vimegusa mkono wa shati la Tornike.

"*Du berger*," Tornike akarudia, akitabasamu.

Ndipo Solène alipogundua kwamba meza yote inamtazama. Akaondoa vidole, akachelewa.

"Wanafunzi wako wote huwa unawasahihisha hivyo?" Anselme aliuliza.

"Vipi, baba?"

"Hivyo. Kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Mimi ulipotoka chuoni ulikuwa ukinisahihisha mpaka majirani wanajua kosa langu."

"Baba..."

"Nimekuuliza swali."

Angeweza kucheka, angeweza kuinuka tena kuleta chochote. Lakini Tornike alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama alivyosema anavyopita mlangoni kwao, na Solène alipoona hivyo moyo ulimuuma kuliko alivyoogopa.

"Hapana, baba. Ni huyu peke yake. Nampenda."

Josette akaweka kijiko chini. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Tangu lini?" Anselme akauliza.

"Mwaka sasa."

"Mwaka! Mwaka mzima unakula mezani kwangu, unanibusu, unaniuliza nyonga inaendeleaje, na umenyamaza?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utasema atanichukua."

"Na hatakuchukua?" Akamgeukia Tornike. "Wewe, sema. Huna mpango wa kwenda popote?"

Tornike hakudanganya, Solène alimpenda kwa hilo na wakati uleule akatamani angedanganya. "Kesho natakiwa kuwajibu watu wa Solingen, bwana."

"Solingen!" Anselme akapiga meza, glasi zikaruka. "Visu vya Wajerumani! Bora ungesema mwezini! Umesikia, Josette? Mmoja Chile, huyu Solingen, halafu mimi na wewe tubaki tunatazamana na sufuria."

"Anselme, Maude hakuondoka kwa sababu ya sarafu."

"Nani amemtaja Maude?"

"Wewe. Kila siku, bila kumtaja."

Mzee akanywea kidogo. Tornike alivuta pumzi, akatafuta maneno yake moja moja, na safari hii hakumwangalia Solène amsaidie.

"Bwana Chassaing, sikuja kumchukua. Nimekuja kuuliza kama nibaki. Nikiwa na nyumba ambayo naingia mlangoni mchana, naweza kukaa mji huu mpaka nizeeke. Lakini siwezi kuendelea kuwa mwanafunzi wake kila siku. Ni hilo tu."

Anselme alichukua kipande cha mkate, akaupangusa ule ubapa wa kisu chake cha zamani, upande huu na upande huu, taratibu mno. Kisha akakifunga. Mlio ulisikika hadi jikoni, ambako keki ya matufaha ilikuwa bado haijakatwa.

Tornike aliujua mlio huo ulisema nini. Akainuka, akamshukuru Josette kwa chakula, akainamisha kichwa mbele ya mzee. Kisu chake kipya alikiacha palepale kando ya mkate. Solène akamfuata mbio hadi mlangoni.

"Nisubiri, nitaongea naye."

"Nimesubiri, Solène."

"Basi dakika moja tu!"

Tornike alimgusa shavu kwa nyuma ya vidole, macho yamemjaa machozi, akaanza kuteremka ngazi za mtaa bila kugeuka. Solène alisimama akisikia viatu vyake vikizidi kuwa mbali, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani. Kisha akarudi ndani na kuchukua koti lake msumarini.

"Unakwenda wapi?" Anselme akauliza.

"Ninakokwenda. Akienda Solingen, naenda naye." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Na sitafanya kama Maude, baba. Nitakuaga, nitapiga simu, Krismasi utaniona hapa hapa kwenye kiti hiki. Lakini nakwenda. Ukikiacha hicho kisu hapo, usidhani umemkata yeye. Umenikata mimi."

"Nani amekwambia nimekiacha?"

Solène akageuka. Baba yake alikuwa amesimama, uso mwekundu, anajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, tena wa kulia.

"Tangu jibini najipapasa chini ya meza! Hii suruali ya Jumapili haina kitu, haina hata uzi! Ningesema nini? Nikishafunga kisu kwa hasira, nimwombe asubiri kama ombaomba? Josette, pochi yako!"

"Pochi yangu ina kadi tu, siku hizi nani anabeba chenji?" Josette alikuwa tayari anaimwaga mezani. "Subiri, hii hapa!"

Anselme akaishika, akaipeleka kwenye mwanga. "Hii si ya kufungulia toroli la supamaketi? Ni plastiki, mama! Unataka niozeshe binti kwa plastiki?"

"Baba, anakwenda!" Solène alikuwa dirishani. Tornike alikuwa amefika kwenye kona ya chini. "Anakwenda!"

Ndipo Josette akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono hadi rafu iliyo juu ya jiko, akatoa bakuli dogo la udongo, na ndani yake faranga moja ya zamani, ile ambayo hakuna duka litakalokupa hata kiberiti kwayo leo. Akamwekea mumewe kiganjani.

"Chukua."

"Hii?" Sauti ya Anselme ilibadilika. "Hii ulinipa nilipokuletea kile kisu changu cha kwanza. Ulikuwa umevaa gauni la bluu."

"Najua nilivaa nini. Umeikalia vya kutosha. Mpe kijana wa watu!"

Ngazi za mtaa ule nyonga yake isingeziweza. Anselme akachechemea hadi dirishani, akamsukuma binti yake pembeni, akatoa kichwa nje.

"Ukiipoteza hiyo," Josette akamwambia kwa nyuma, "na mimi naondoka naye!"

"Wewe!" Anselme akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. "Mgeorgia! Shika hiyo!"

Akairusha. Sarafu ilipiga ngazi, ikaruka, ikapiga nyingine, ikakimbia pembeni kuelekea kwenye mfereji wa maji, na Solène akafumba macho. Alipofumbua, Tornike alikuwa amepiga goti moja, kiatu kikiwa juu ya kitu. Aliinua mguu, akaokota. Akaitazama kiganjani kwa muda, kisha akatazama juu, na hata kutoka mbali kote kule Solène aliona mabega yake yakishuka.

"Imelipwa!" Anselme akapiga kelele. "Umesikia? Hicho kisu ni changu sasa! Panda huku, hujala keki!"

Hakupanda, alikimbia. Alipoingia mlangoni alikuwa akihema, sarafu ameifumbata kana kwamba kuna atakayemnyang'anya. Anselme ndiye aliyerudi kwanza kwenye kiti chake, akajisogeza kama mtu ambaye hakuwahi kuinuka.

"Nimekifunga kisu kabla ya wakati," alisema bila kumtazama mtu. "Nimezeeka. Nani amesema tumemaliza?"

Kisu chake cha pembe nyeusi kilibaki mfukoni. Alichukua kile kipya cha mti wa jozi, akakifungua, akakata kipande cha kwanza cha keki, akakiweka kwenye sahani ya Tornike.

"Hao wa Solingen kesho uwapigie asubuhi," alisema. "Mapema. Wasikae wakisubiri bure. Unakula kingine?"

"Ndiyo, bwana. *De la tarte*," Tornike akasema, kisha akamgeukia Solène, akasubiri kusahihishwa.

Hakukuwa na kosa. Solène akavua koti, akavuta kiti kilicho karibu naye mbele ya baba yake na mama yake, akaketi.